Koti la Bwana Kimya

"Nataka kioo," alisema yule mwanamke, "lakini nataka unipasulie."

Fundi wa vioo alizima mashine ya kusugulia kingo, akainua miwani yake ya kazi hadi kwenye paji la uso, akamtazama mteja kama mtu aliyesikia vibaya. Ilikuwa adhuhuri, na mtaa wa mafundi ulikuwa umechangamka: misumeno ikilia, mikokoteni ikidai njia, wachuuzi wakinadi makufuli na bawaba, na jua likirushwa huku na huku na kila kioo kilichoegemezwa ukutani, hata mtu asijue atazame wapi.

"Nikukatie," fundi alimsahihisha.

"Ukikata, utanipa kingo zilizonyooka. Nataka unipasulie. Vipande vikubwa, vidogo, vyovyote vitakavyotokea."

"Bibiye, kukata ni ufundi. Kupasua ni ajali. Mimi siuzi ajali."

"Basi niuzie moja tu. Sitamwambia mtu."

Mafundi wa jirani waliangua kicheko. "Mpe, bwana wee!" mmoja alipaza sauti. "Kila siku unapasua bure, leo umepata mnunuzi, unaringa!"

Fundi alitabasamu bila kupenda. Mwanamke yule alikuwa amevaa gauni la rangi ya haradali, mikono ameikunja hadi viwikoni, na nywele zake alizifunga kwa utepe mweusi ambao, ukiutazama vyema, ulikuwa mkanda wa kamera. Hakuwa na utulivu. Hata aliposimama, mguu wake mmoja ulipigapiga sakafu kama wa mtu aliyeacha kitu jikoni.

Fundi alimchagulia kioo kirefu, akakifunga ndani ya blanketi kuukuu, akakigonga kwa nyundo palepale alipokadiria. Kishindo kilikuwa kidogo. Alipolifunua blanketi, mwanamke aliinama, na uso wake ukatawanyika katika vipande: jicho hapa, kidevu kule, nusu ya tabasamu pembeni. Hapo ndipo ule mguu ulipotulia.

"Vya nini?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vya kujitazama."

"Kizima hakikutoshi?"

"Kizima nimekichoka. Kila siku kinanionyesha mtu yuleyule."

"Utajikata ukivibeba. Nitakuletea mwenyewe nyumbani."

"Huwapelekea wateja wako wote?"

"Walionunua ajali tu," alijibu, na wote wawili wakacheka kuliko ilivyostahili.

* * *

Mwanamke huyo alikuwa mpigapicha. Kutwa alifanya kazi katika duka la picha za pasipoti, akiwaambia watu maneno yaleyale: tazama mbele, usicheke, vua miwani. Jioni alirudi katika nyumba aliyoishi na shangazi yake, mwalimu mstaafu wa lugha, na huko chumba cha nyuma alikwisha kukigeuza studio. Dirisha alilifunika kwa shuka jeupe ili mwanga uingie kwa adabu. Ukuta mmoja aliutundikia kitambaa cheusi. Taa zake alizifunga kwenye mipini ya mifagio, na kamera ilisimama katikati juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Fundi alipofika na vipande vyake, alikuta picha zimebandikwa mlangoni. Katika moja, mpigapicha alikuwa malkia mwenye taji la vibanio vya nguo. Katika nyingine alijikunja chini ya meza kama mtoto aliyenuna. Katika nyingine alikuwa kizee, uso umepakwa unga, akiitazama pua yake kwa dharau.

"Nani hukupiga humu?" fundi aliuliza.

"Najipiga mwenyewe."

"Kwa kosa gani?"

Kabla mpigapicha hajamaliza kucheka, shangazi alijibu kutoka ukumbini. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, mwenye shali ya kijivu na sauti iliyozoea darasa.

"Kosa la kufukuza wachumba! Kitenzi kina kauli nyingi, baba: kupiga, kupigwa, kupigana. Huyu wangu amenasa kwenye 'kujipiga'. Iko siku nitaamka niambiwe amejioa mwenyewe."

"Shangazi!"

"Nimekosea wapi? Sarufi ni sahihi."

Fundi alivua koti lake la kazi la buluu, lenye mfuko uliochanika na kushonwa kwa uzi mwekundu, akaanza kuvigandisha vipande vya kioo kwenye ubao. Mpigapicha alizunguka nyuma yake bila kukoma: akisogeza taa, akiirudisha, akilivuta shuka, akiliachia. Kazi ilipokwisha, alimweleza sheria moja.

"Ninapofanya kazi, mlango huu hufungwa, na haingii mtu. Hata shangazi hungoja nimwite."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Dukani mimi ndiye ninayewatazama watu. Barabarani watu hunitazama mimi. Humu tu ndimo ninamojitazama."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakuelewa hata nusu yake. Aliondoka akiwa na furaha kiasi cha kusahau koti lake msumarini.

* * *

Simu zilianza siku iliyofuata.

"Ajali yangu inaendeleaje?" aliuliza fundi.

"Inaendelea vizuri. Imeniuliza habari zako."

"Iambie sijambo, isipokuwa usingizi umenihama. Na koti langu la kazi limepotea, sijui nimeliacha wapi."

Mpigapicha alilitazama koti lililoning'inia mbele yake, akajitia hamnazo. "Pole, mpenzi wangu. Labda panya wamelivaa."

"Umesema nini?"

"Panya."

"Kabla ya panya, laazizi. Kabla ya panya!"

Hivyo ndivyo neno lilivyotoka, na lilipotoka halikurudi ndani. Walianza kukutana baada ya kazi. Fundi alimngoja nje ya duka la picha, ameoga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama. Yeye alitoka akiwa katika gauni la kijani, au la zambarau lenye mifuko mikubwa, akitembea kwa kasi ya mtu anayekimbiza jua. Mikono yao ilishikana, lakini hata hapo vidole vyake havikutulia. Vilikuwa vikipima mwanga hewani.

"Simama hapo nikupige picha," fundi alimwambia siku moja, akitoa simu yake.

Mpigapicha aliufunika uso kwa kiganja. "Usinipige."

"Wewe unajipiga kila siku!"

"Ndiyo. Najipiga."

Silabi ile moja, *ji*, ilimchoma fundi kama kibanzi cha kioo kidoleni: kidogo mno kukitoa, kikubwa mno kukisahau. Alimpenda mwanamke huyu, na alitaka kumwomba ndoa. Lakini kila jioni mpigapicha alipomwambia, "Naenda kufanya kazi, kipenzi, usinipigie," yeye alibaki akizunguka chumbani kwake, akikaa, akiinuka, akifungua dirisha na kulifunga, akijiuliza mtu hufungaje mlango kwa muda mrefu hivyo ikiwa ndani yuko peke yake.

Mpigapicha naye hakukalika. Ukumbi wa maktaba ya mji ulikuwa umekubali kuonyesha picha zake, na ile iliyokusudiwa kukaa ukuta mkubwa ilikuwa haijapatikana. Aliijua picha hiyo akilini mwake, ila haikukubali kuja. Katika picha nyingine zote alikuwa peke yake, na kuwa peke yake kulimtosha. Sasa kulikuwa na mtu mmoja aliyejipenyeza, mwenye miwani kwenye paji la uso, na mpigapicha alitaka kujua kama mtu huyo angeenea ndani ya fremu bila yeye mwenyewe kubanwa akatoka. Kama hangeenea, ilikuwa heri kulijua hilo mapema, kabla ya kuombwa ndoa. Hilo hakumwambia. Alichukua lile koti la buluu, akafunga mlango.

Kumpiga mtu asiyekuwapo kuna taabu zake. Lenzi haina pa kulenga kama hapana kitu. Kwa hiyo mpigapicha alichukua mti wa kutundikia nguo, akauvisha koti, akaupachika sufuria juu liwe kichwa, na sufuria akalivisha kofia. Shangazi alipouona aliusalimia kwa heshima na kuupa jina: Bwana Kimya.

* * *

Simu ya fundi iliingia jioni moja, wakati mpigapicha alikuwa amechoka na mikono yake imejaa nyaya.

"Nakaribia kumaliza, mpenzi. Kesho tuonane?"

"Tuonane, malkia wangu. Nina jambo la kukuuliza."

"Nami nina la kukuonyesha. Haya, nakuaga."

Aliiweka simu juu ya kiti akidhani ameikata. Hakuikata. Fundi, upande wa pili, alikuwa ameshapeleka kidole kwenye kitufe aliposikia:

"Shangazi! Njoo unisaidie kumvua Bwana koti!"

Kidole kiliganda.

"Maskini ya Mungu," sauti ya shangazi ilisema. "Kutwa nzima umemsimamisha?"

"Hajalalamika hata mara moja. Laiti wanaume wote wangekuwa kama yeye!"

"Na Fundi akija akamkuta humu?"

"Hatamkuta. Nitamficha chumbani kwako."

Vicheko vikafuata, kisha mlango ukafungwa. Fundi aliendelea kuishika simu sikioni ingawa haikuwa na sauti yoyote tena ila mvumo wa mji.

Asubuhi, mpigapicha aliwasili mtaa wa mafundi katika lile gauni la haradali, uso unang'aa. Alimkuta fundi akikata kioo bila kuinua kichwa.

"Hata hujambo hakuna?"

"Bwana ni nani?" fundi aliuliza.

Mpigapicha alicheka. Kicheko hicho kilikuwa kosa, ingawa hakikuwa na ubaya. "Umemjuaje Bwana?"

"Simu haikukatika jana."

Kicheko kilikauka. "Ikabaki wazi, nawe ukasikiliza."

"Ningefanyaje?"

"Ungeikata."

"Ili wewe uendelee kumvua koti kwa raha zako? Sasa nimeelewa kwa nini mlango ule hufungwa."

Mashine za majirani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mafundi wote walikuwa wamepata sababu ya kupumzika. Mpigapicha angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Neno lilimfika kinywani. Lakini alimtazama mwanamume huyu, ambaye siku zote hizi, nyuma ya kila "usiku mwema, laazizi", alikuwa akiweka mtu wa pili ndani ya chumba chake, akaona kwamba kujieleza kungekuwa kujishtaki.

"Njoo kwenye maonyesho," alisema polepole. "Bwana atakuwapo. Utamwona mwenyewe."

"Unanikejeli?"

"Nakualika."

Aligeuka akaondoka kwa mwendo wake ule wa haraka. Kioo kilichokuwa mezani kilikatika mahali pasipopimwa, na hakuna fundi aliyethubutu kutania.

* * *

Siku zilizofuata zilikuwa za tabu pande zote mbili. Fundi alikata vioo vya madirisha vikawa vifupi kuliko fremu zake. Aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mpigapicha naye alihamisha kabati, akalirudisha lilipokuwa, kisha akalihamisha tena hadi shangazi akamwomba alihurumie.

"Mpigie umweleze," shangazi alisema.

"Nimweleze nini? Kwamba sina mtu? Alipaswa kulijua hilo."

"Alipaswa, ndiyo. Na wewe ulipaswa kumwambia koti lake liko wapi. Nawasahihisha wote wawili, sipendelei."

Siku ya maonyesho ukumbi wa maktaba ulijaa watu na manukato. Fundi alifika katika shati lake jeupe, roho juujuu, akiwa amekusudia jambo moja tu: kumwona huyo Bwana, kisha kwenda zake. Mpigapicha alikuwa mwisho wa ukumbi, katika gauni jeusi lenye ukosi mweupe, amezungukwa na wageni. Macho yao yalikutana. Fundi aligeukia kuta.

Picha kubwa ilikuwa ukutani peke yake. Mwanamke wa gauni la haradali alisimama mbele ya kioo kilichopasuka. Kando yake alisimama mwanamume aliyeipa kamera mgongo, kofia kichwani, mkono wake umeegemea begani pa mwanamke kwa utulivu wa mtu aliyefika kwao. Fundi alisogea. Koti la yule mwanamume lilikuwa la buluu. Mfuko wake ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu.

"Koti langu!" alisema kwa sauti, na watu wakageuka. Aliwaza: Hakutosheka kuwa na mwanamume mwingine. Amemvisha koti langu!

Alitaka kuondoka. Kilichomzuia ni kazi yake. Mtu aliyezoea vioo haachi kuvitazama hata akiwa na hasira, na jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda kwenye vile vipande, kuangalia kama gundi ilishika. Ilishika. Kila kipande kilikuwa mahali alipokiweka. Kimoja kilirudisha taa, kingine kikarudisha gauni. Na kimoja kidogo, chini upande wa kulia, kilirudisha kile ambacho mgongo ulikificha: uso wa mwanamume chini ya kofia.

Alikuwa ni yeye. Mpigapicha. Macho yale yale, na nusu ya lile tabasamu.

"Umemwona Bwana?" sauti iliuliza kando yake. Shangazi, shali begani, alikuwa akiitazama picha.

"Shangazi... ni yeye. Ni... yeye na..."

"Sentensi kamili, tafadhali."

"Wote wawili ni yeye."

"Vizuri. Kamera haikusogezwa. Alijipiga katika gauni, akajipiga tena katika koti, kisha kwenye kompyuta akaziunganisha zikawa picha moja."

"Na yule mliyekuwa mkimvua koti? Aliyesimama kutwa?"

"Mti wa kutundikia nguo, baba. Kichwa chake ni sufuria langu la maharage, nami bado nalidai."

Fundi alijishika kichwa. Chini ya picha palikuwa na maneno mawili, *Nafasi Yake*. Aliyasoma, akayasoma tena. Alipogeuka kumtafuta, mwisho wa ukumbi wageni walikuwa wamebaki peke yao.

"Amekwenda nyumbani," shangazi alisema. "Amekuona ukisogea kwenye picha, miguu ikakataa kutulia. Tangulia. Mimi nakuja, magoti yangu hayana haraka yenu."

* * *

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mlango wa studio nao ulikuwa wazi, na mwanga wa alasiri ulipita kwenye shuka na kutandaa sakafuni. Kutoka ukumbini fundi alimwona mpigapicha akiwa amempa mgongo, akikunja waya uliokwisha kukunjwa. Hatua moja ingemfikisha. Hakuipiga.

"Hodi," alisema.

Mpigapicha hakujibu. Mikono yake iliendelea na waya. Fundi alibaki palepale kizingitini, hakusogea mbele, hakurudi nyuma, wala hakurudia hodi. Pikipiki zilipita barabarani. Jirani alimwita mtoto, mtoto akaitika. Bwana Kimya, ndani ya koti la buluu, alimtazama fundi kwa sufuria lake.

"Karibu," mpigapicha alisema hatimaye.

Fundi aliingia. "Nimeuonea wivu mti wa kutundikia nguo."

"Nimesikia."

"Wenye sufuria la maharage."

Midomo ya mpigapicha ilitikisika, akaidhibiti. "Wivu si neno. Ningeweza kuucheka. Wewe uliona mlango umefungwa, ukadhani lazima ndani kuna mtu." Alijigonga kifuani kwa kidole. "Mtu alikuwamo. Mimi nilikuwamo! Sikuhesabika?"

 Fundi hakutafuta maneno matamu.

"Sikujua kwamba mtu anaweza kujitosha namna hiyo na bado akanipenda. Nilidhani ukijitosha, mimi sina pa kukaa. Nisamehe. Na nifundishe kukaa nje ya mlango bila kupasua vioo vya watu."

"Vingapi?"

"Usiulize."

Hapo mpigapicha alicheka, na kicheko kikamletea machozi, akayafuta kwa ukosi wa gauni. "Nami nilificha koti. Nilitaka kukujaribu bila wewe kujua unajaribiwa, na huo si uungwana. Nilitaka kujua kama utaenea humu nisibanwe nikatoka."

"Na nilienea?"

"Koti lilienea. Mwenye koti simjui bado." Alimwendea Bwana Kimya, akamvua kofia, akamvua koti, akamsogeza pembeni. Alimrushia fundi koti lake. "Vaa. Simama pale alipokuwa Bwana. Usisogee."

Fundi alivaa, akasimama. Kwa mara ya kwanza lenzi ile ilimlenga mtu asiyekuwa mwenye kamera. Mpigapicha alichungulia, akageuza kidogo, akachungulia tena.

"Unatetemeka."

"Bwana hakuwa na jambo la kuuliza. Mimi ninalo."

"Utauliza baadaye. Nikibonyeza hapa taa nyekundu itapepesa, nami nitakimbilia hapo kando yako. Tayari?"

Alibonyeza. Taa ilianza kupepesa. Alikimbia, gauni jeusi likipepea, akatua kando ya fundi, na mguu wake ukaanza kupigapiga sakafu.

"Naomba nikuoe," fundi alisema huku akitazama mbele, kama alivyoamriwa.

"Nini?"

"Nimesema naomba nikuoe!"

"Tuoane!" sauti kali ilisahihisha kutoka ukumbini. "Kauli ya kutendana! Mmekuwa wawili sasa!"

Wote wawili waligeuka mlangoni, na kamera ikalia.

Walipoitazama picha, haikuwa na lolote lililofuata kanuni. Fundi alikuwa amefumba jicho moja. Mpigapicha alikuwa kivuli cha kicheko, umbo limetikisika, kinywa kimefunguka. Pembeni kulionekana ncha ya shali ya kijivu.

"Imeharibika," fundi alisema. "Tupige nyingine?"

"Hapana." Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda. "Nyingine zote nimejipiga. Hii tumepigana."

"Hilo si jibu, laazizi."

"Jibu lina sharti. Mlango huu ukifungwa, utabisha hodi."

"Nitabisha."

"Na nikikaa kimya?"

"Nitakwenda kukata vioo."

"Kukata?"

"Kukata. Ajali nimeacha kuuza."

Mpigapicha aliiweka kamera mezani. Alimshika fundi kwenye mfuko ule wa uzi mwekundu, akamvuta karibu.

"Basi tuoane," alisema, na mguu wake ulikuwa umetulia.

Shangazi aliingia kutoka ukumbini, akalivua sufuria lake kutoka kichwani pa Bwana Kimya, akalichungulia ndani kama kuna athari zozote za sanaa, kisha akaenda nalo jikoni.